Mshipi wa kusi: kuvua ukutani, gatini na mwambani bahari ikichafuka

Kuanzia Mei hadi mwishoni mwa Septemba kusi inavuma, mawimbi yanapiga mwamba wa nje, na vyombo vidogo vingi vinabaki ndani ya mwamba au vimepandishwa pwani. Wengi wenye mshipi wa mkono nao huukunja wakingoja matlai, upepo mwanana wa kusi ikiisha. Ni hasara kubwa, maana miezi hiyo samaki wapo karibu kuliko watu wanavyodhani. Maji yanapoa, kutoka nyuzi 29 hivi za Machi hadi 25 au 26 za Julai na Agosti. Mawimbi yanafukua kaa na minyoo kwenye mchanga, na maji yaliyotibuka yanamficha samaki anayekuja kula miguuni mwa ukuta. Changu, kelea, chewa, kolekole na tasi wote hupatikana bila kupanda chombo. Kinachobadilika ni saa, mahali na uzito wa chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi. Anayevua Juni kama alivyovua Februari ndiye anayerudi na ndoo tupu.

Hesabu ya maji

Anza hapa kabla hujanunua hata ndoana moja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hupanda na kushuka mita 3 hadi karibu 4, hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa saa nne na nusu hivi, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa hushuka hadi mita 1 hivi, na saa zinageuka, maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana.

Kwa hiyo ukijua tarehe ya mwezi wa angani, si wa kalenda, unajua maji. Chukua mwezi mosi, siku unapoandama, kuwa maji hujaa saa kumi na nusu, kisha ongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita. Mwezi 3 maji hujaa saa kumi na mbili na dakika kumi, mwezi 4 saa moja, mwezi 5 saa mbili kasoro dakika kumi. Hesabu hii inaweza kukosea nusu saa au zaidi, kwa hiyo ukiwa na jedwali la maji la bandari, fuata jedwali.

Sasa changanya na upepo. Kusi mara nyingi hutulia kidogo usiku na alfajiri, huanza kukaza saa tatu asubuhi, na alasiri ndiyo kali zaidi. Saa nzuri ya ukutani na mwambani ni saa mbili za mwisho za maji kujaa na saa moja ya kwanza ya kupwa. Unatafuta siku ambazo kilele cha maji kinakutana na mapambazuko: mwezi 3 hadi 5, na tena mwezi 17 hadi 19. Ukiwa na nafasi ya kuvua siku sita tu kwa mwezi, vua hizo. Siku za bamvua lenyewe maji hujaa kukiwa giza, na mkondo wa midomo ya hori, mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, ni mkali mno. Chubwi inakaa chini dakika 20 au 30 tu maji yanaposimama, kisha inaburutwa. Siku za maji mafu mkondo ni mpole, lakini samaki wa mwambani nao hupoa, kwa kuwa maji hayafiki kwenye mashimo na majabali ya juu wanakotafuta riziki.

Mdomo wa hori una hesabu yake. Pale ngoja maji yaanze kutoka. Saa moja na nusu ya kwanza ya kupwa yanabeba kamba, kaa wadogo na dagaa kutoka mikokoni, na kolekole na mzia (wengine humwita tengesi) hukaa pembeni mwa mkondo wakingoja.

Mahali

Kusi inatoka kusini-mashariki, kwa hiyo tafuta ardhi iliyo kati yako na upande huo. Unguja, upande wa Mji Mkongwe hadi Forodhani unatazama magharibi na umekingwa, ilhali Paje na Matemwe mawimbi yanaingia moja kwa moja hadi mwambani. Dar es Salaam, Coco Beach iko wazi, lakini ukizunguka rasi upande wa Ghuba ya Msasani maji yanatulia. Mombasa, upande wa Bandari ya Kale na ndani ya Tudor ni shwari kuliko mdomo wa Kilindini. Malindi zingatia tope la mto Sabaki: wakati wa kusi mkondo wa bahari hulisukuma kaskazini, upande wa Mambrui, kwa hiyo maji safi utayapata kusini mwa mto.

Usitafute maji yaliyolala kabisa, kwani hayo hayana chakula. Mahali pazuri ni pale utulivu unapopakana na msukosuko: pembe ya ukuta, nyuma ya jabali linalovunja wimbi, nguzo ya mwisho ya gati. Povu likipita na kuacha maji ya kijani yaliyokolea, tupa humo.

Kama mvua kubwa ya masika imenyesha na hori limekuwa la kahawia, samaki wa mwambani huondoka maji yakipungua chumvi. Hubaki ngogo, mkizi na chaa. Subiri siku mbili au tatu au sogea mbali na mdomo wa mto.

Kabla ya kukaa popote, uliza kikundi cha BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) cha mahali hapo au afisa uvuvi kuhusu leseni na mipaka. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite hakuvuliwi. Bongoyo, Mbudya na Chumbe vilevile ni maeneo ya hifadhi. Magati ya bandari, ya jeshi na ya vivuko usiingie bila kibali.

Mshipi, ndoana na chubwi

Mshipi mkuu: nailoni ya milimita 0.70, mita 80 hadi 100, iliyozungushwa kwenye kibao au chupa ngumu ya plastiki. Nyembamba zaidi ya hapo inakata vidole, na matumbawe yanaisugua ikaisha kwa siku mbili. Nyuzi za ndoana ziwe milimita 0.45 au 0.50. Kwa mzia, sentimita 20 za waya mwembamba mbele ya ndoana, la sivyo atakata kila kitu.

Namba za ndoana huwachanganya wengi. Zenye namba tupu, namba ikikua ndoana inapungua: 10 ni ndogo kuliko 6. Zenye sifuri, kama 1/0, 2/0 na 3/0, huenda kinyume. Tasi na chaa wana midomo midogo, chukua 8 au 6. Changu na kelea, 1/0 hadi 3/0. Chewa na kolekole, 4/0 au 5/0. Ndoana yenye kutu ikwaruze kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza bila kuacha alama, inoe au itupe.

Chubwi ndiyo inayowashinda watu wakati wa kusi. Ile ya gramu 40 iliyotosha kaskazi itasukumwa na wimbi hadi kwenye mawe na kunasa. Tumia gramu 100 hadi 150. Kwenye mchanga chagua iliyo bapa au yenye kona, maana ya mviringo inabingirika. Mwambani usipoteze risasi kabisa: tumia nati kubwa, plagi kuukuu za injini mbili au tatu zilizofungwa pamoja, au jiwe lililoviringishwa kwenye kitambaa. Ukiyeyusha risasi mwenyewe, fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, na sufuria hiyo isirudi jikoni maisha. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Funga hivi kwa mwambani na ukutani:

1. Mwisho wa mshipi mkuu, funga kipande cha sentimita 30 cha nailoni nyembamba, milimita 0.30. Huu ndio uzi wa kukatika.
2. Chini yake funga chubwi.
3. Sentimita 30 juu ya fundo la uzi wa kukatika, toa tawi la kwanza la sentimita 25 lenye ndoana.
4. Sentimita 50 juu zaidi, toa tawi la pili la urefu uleule. Mawili yanatosha, la tatu linajisokota na wenzake.

Chubwi ikinasa, uzi mwembamba unakatika peke yake, unapoteza nati na kubaki na mshipi, ndoana na pengine samaki. Asiyeweka uzi huu huacha mita 20 za nailoni mwambani kila siku, na nailoni hiyo inawanasa kasa na ndege kwa miaka mingi.

Kwenye mchanga tumia chubwi yenye tundu inayotembea juu ya mshipi, kisha pete ya kuzunguka, kisha uzi wa ndoana. Kaskazi uzi huo huwa sentimita 80, lakini kusi ufupishe hadi 40. Mrefu unachezewa na mawimbi, unajiviringisha kwenye mshipi mkuu, na chambo kinazunguka kama pia, samaki hakiamini.

Fundo la ndoana: pitisha uzi tunduni, uzungushe juu yake wenyewe mara tano au sita, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho jirani na tundu, lilowanishe kwa mate, kaza polepole. Kwa nailoni ya 0.70 mizunguko minne inatosha. Fundo likikazwa kavu nailoni inapata joto la msuguano, inapauka na kujikunja, na hapo ndipo itakapokatikia. Ukiona mkunjo mweupe, kata ufunge upya.

Chambo kinachostahimili wimbi

Kusi inaosha chambo laini kwa dakika tatu. Ngisi ndiye bora: mkate vipande vya upana wa sentimita 1 na urefu wa 5 au 6, choma ndoana mara mbili, ncha ibaki wazi. Pweza ni mgumu zaidi, mpondeponde kwanza kwa jiwe ili harufu itoke. Kaa wa kombe, aliyetolewa kombeni, humvuta changu kuliko chochote, lakini mfunge kwa uzi wa cherehani mizunguko sita hivi.

Dagaa wabichi hawafai bila chumvi. Kilo 1 ya dagaa, gramu 250 hadi 300 za chumvi ya mawe: tandaza tabaka za dagaa na chumvi kwenye ndoo iliyotobolewa chini, weka kizito juu, acha usiku kucha maji yachuruzike. Asubuhi nyama inakuwa ngumu kama ngozi.

Tasi ni mla mwani. Mnyang'anye mwani laini wa kijani ukutani kwake, au kanda unga wa ngano kikombe kimoja na maji kidogo kidogo hadi uwe mgumu kama wa chapati, kisha changanya na nyuzi za pamba zilizochambuliwa. Pamba ndiyo inayoshika donge kwenye ndoana. Bila hiyo unalisha bahari. Mvue kwa ufito wa mwanzi wa mita 3 au 4, mshipi urefu sawa na ufito, chelezo kidogo, ndoana mita 1 hadi 2 chini ya maji na karibu kabisa na ukuta.

Kutupa na kusikia

Upepo ndio adui wa mshipi wa mkono. Ukiumwaga mshipi chini, kusi itaupeleka kwenye mawe na utatupa mafundo. Weka beseni pana kando ya mguu, mimina maji kidogo ndani, na ukunje mshipi humo; nailoni iliyolowa inalala. Zungusha chubwi ikiwa imening'inia mita 1 na nusu, mizunguko miwili, achia inapopanda. Hakikisha hakuna mtu nyuma yako. Mita 20 hadi 30 zinatosha, na mara nyingi ni nyingi mno. Kosa la kawaida la msimu huu ni kutupa mbali kupita samaki, ambaye yuko mita 5 kutoka miguuni. Jaribu karibu kwanza.

Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kivae kidole cha shahada, mshipi upite juu yake. Usiuzungushe mkononi kamwe. Kolekole wa kilo 5 akikimbia, mshipi uliozungushwa unakata hadi mfupani, au unakuvuta ukingoni.

Wimbi linavuta mshipi kwa mpangilio: polepole, kisha unalegea, kisha tena. Ngoja mivuto kumi ili kidole kiujue mwendo huo. Samaki anavunja mpangilio. Changu hugonga mara mbili tatu kwa wepesi, kisha anaondoka nacho. Vuta anapoondoka, si anapogonga. Kolekole hagongi, anachukua tu. Chewa anauma na kugeuka shimoni papo hapo, una kama sekunde mbili za kumtoa. Akishaingia, usishindane naye. Legeza mshipi kabisa dakika mbili tatu. Mara nyingi hutoka mwenyewe, na hapo mvute kwa nguvu moja.

Mvuto mzito usio na uhai ni mwani. Kusi inaujaza kwenye fukwe za wazi, nao huteleza kwenye mshipi hadi kufunika ndoana. Funga kipande kidogo cha mpira kwenye mshipi mita 1 juu ya ndoana ya juu, mwani mwingi utaishia hapo. Kama kila dakika tano unasafisha, hama upande, usibishane na bahari.

Gatini kuna tatizo la kumpandisha samaki. Maji yakipwa, sakafu ya gati iko mita 3 au 4 juu ya maji, na uzi wa 0.45 haubebi kolekole anayerukaruka hewani. Chukua rimu ya baiskeli iliyotolewa spoki, fumia wavu chini yake, funga kamba nne zikutane kwenye kamba moja ya mita 8. Mchoshe samaki, mtu mwingine ashushe wavu chini ya maji, mwongoze kichwa kwanza, pandisheni. Usiku, taa za gati huvuta dagaa na ngisi. Usitupe katikati ya mwanga, tupa pale mwanga unapokutana na giza, kwani wawindaji hukaa gizani.

Wanaochoma na wasioliwa

Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni, tumboni na nyuma. Ngogo ana mitatu: mmoja mgongoni, miwili ubavuni. Taa ana mmoja mkiani. Washike kwa kitambaa kinene au koleo, na taa mkatie uzi tu. Ukichomwa, tia sehemu hiyo kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45, yaliyopimwa kwa mkono usiochomwa, kwa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo. Kisha nenda kituo cha afya kwa jeraha na pepopunda. Mwiba wa taa uliozama kifuani au tumboni usiung'oe, mkimbize mtu hospitali nao. Bunju usimle hata ukiambiwa kuna namna ya kumsafisha: sumu yake haiishi kwa moto wala chumvi.

Usimpe bahari mgongo

Mawimbi ya kusi huja kwa makundi. Unaweza kuona mwamba mkavu dakika kumi, kisha matatu makubwa yakaja mfululizo. Kabla ya kusimama popote, kaa nyuma na utazame dakika 20. Jabali lililolowa na kupakwa utelezi wa kijani, wimbi hufika. Simama juu ya mstari huo. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, si ndala, na usiende peke yako gizani.

Anayetembea nje hadi ukingo wa mwamba maji yakipwa ana hatari nyingine: maji hayarudi kutoka mbele yake, hurudi kwanza kupitia milango ya mwamba na kujaza bondeni nyuma yake. Akishtuka, mbele kuna mawimbi na nyuma kuna mkondo wa kiunoni. Kumbuka pia hayapandi kwa kasi moja. Siku ya bamvua la mita 3.6, saa ya kwanza hupanda sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja hupanda sentimita 90. Kwa hiyo geuka kabla maji hayajaanza kupanda, hata kama samaki ndiyo kwanza wameanza kula.

Wimbi likimchukua mwenzako, usiruke. Tupa dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, lenye kamba, na mwelekeze aelee mbali na mwamba hadi mahali pa kutokea penye mchanga. Dumu hilo liwe kando yako tangu unapofika. Ukilihitaji hutakuwa na muda wa kulitafuta.

Ukimaliza

Changu mdogo kuliko kiganja mrudishe majini. Wa kuliwa muue mara moja, mkate mashavu damu itoke, mtie kwenye barafu: kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Ubaridi wa Julai unadanganya. Joto la nyuzi 25 bado linaharibu samaki kwa saa chache. Nyumbani loweka mshipi kwenye maji baridi yasiyo na chumvi nusu saa, uanike kivulini, kisha upitishe mita 10 za mwanzo katikati ya vidole viwili. Pale unapokwaruza, kata.